Maji ya Saumu Dhidi ya Vidonge: Jumamosi Ambayo Buhongwa Haikukaa Chini

Jua limeshaanza kuuma mabega, na Modesta Chenge bado anatwanga. Kinu cha mti amekibana kati ya miguu, mchi unapanda na kushuka, na harufu ya kitunguu saumu imetanda mpaka barabara ya Shinyanga, ambako vijana wa bodaboda wanaziba pua na kucheka.

"Mama Precious, leo unatwangia wilaya nzima?" anapiga kelele mmoja wao.

"Nakutwangia wewe na kitambi chako!" anajibu bila kuinua kichwa.

Watu wanaangua kicheko. Lakini ukimwangalia vizuri, mkono wa Modesta leo hauko sawa. Anatwanga, anasimama, anachungulia barabarani. Anatwanga tena kidogo. Anachungulia tena.

Anawasubiri watu wawili. Mmoja ni Nestory, fundi baiskeli wa hapa sokoni. Mwingine ni baba yake mzazi, Mzee Chenge Shimba. Wametoka asubuhi, wameongozana kama wachumba, kwenda kuchukua majibu ya vipimo vya damu.

Na si Modesta peke yake anayesubiri. Muuza nyanya amehamisha kigoda chake akakigeuzia barabarani. Kina mama wa dagaa wameacha kubishana na wateja. Kijana wa duka la simu amezima muziki, jambo ambalo hajawahi kulifanya hata jirani alipokuwa na msiba.

Leo soko la Buhongwa, hapa Mwanza, linataka kujua kitu kimoja tu. Kati ya maji ya saumu ya Modesta na vidonge vya hospitali, ni kipi kinachoshusha lehemu, yale mafuta mabaya ambayo watu hapa wanasema yanaganda kwenye damu?

Na liko jambo ambalo wengi wao hawalijui. Modesta, mwenye maji hayo, anaomba kimoyomoyo ashindwe.

*

Modesta ana miaka thelathini na minne. Aliishia darasa la saba, akauza mchicha, akauza vitunguu, halafu akabaki na saumu peke yake kwa sababu haiozi haraka. Alianza kwa kuwamenyea mama lishe ambao hawakuwa na muda wa kuhangaika na maganda.

"Siku moja mteja akaniambia, dada, nisagie kabisa, unichanganyie na tangawizi na limau, nimesikia inakata mafuta," anasimulia. "Nikamchanganyia. Kesho yake akarudi na shemeji yake. Keshokutwa wakaja na mchungaji."

Kuanzia hapo hakupumzika. Anachemsha tangawizi, anaiacha ipoe, anatia saumu iliyotwangwa, limau na mdalasini kidogo, anachuja kwa kitambaa cheupe. Glasi moja shilingi mia tano. Siku nzuri anarudi nyumbani Mkolani na faida ya elfu ishirini. Siku ya mvua anarudi na ndoo yake imejaa, familia nzima inanuka saumu mpaka Jumapili kanisani watu wanawapisha benchi.

Watu wakaita maji yale "dawa ya mafuta". Yeye hakuyaita hivyo, ila hakuwakataza.

"Mtu akija anasema nipe ile dawa, mimi nampa. Ningemwambiaje? Na biashara ndiyo hiyo inakwenda?"

Mteja wa kwanza kila asubuhi alikuwa baba yake.

Mzee Chenge ni mtu wa watu. Ujana wake wote alikuwa kiongozi wa ngoma, upande wa Wagalu. Kwa asiyejua, Wagalu na Wagika ni pande mbili za ngoma za Wasukuma ambazo tangu zamani zinashindana. Kila mavuno yakiisha wanakutana uwanjani, kila upande na ngoma zake, mbwembwe zake na dawa zake. Mzee Chenge hata leo akikaa mezani anapiga sahani kwa vidole, na hakuna kitu anachokiamini duniani mpaka akione kinashinda kingine.

Mwaka jana alikuwa anasukuma toroli la mchanga nyumbani Mkolani, anakoishi na Modesta, akaona kifua kinambana. Hospitali wakapima, wakakuta lehemu imepanda sana. Daktari akamwandikia vidonge, akamwambia apunguze mafuta, hasa yale mapanki, mifupa ya sangara iliyotolewa minofu ikakaangwa, ambayo mzee huyu anayapenda kuliko wajukuu.

Alivimeza kwa wiki moja, akaviacha.

"Akaniambia, nina mwanangu anayetengeneza dawa, nikanunue dawa kwa watu baki? Watu watanionaje?" anasema Modesta. "Anaacha vidonge kwa ajili yangu. Anadhani ananiheshimisha."

Hapo ndipo usingizi ulipomwisha. Maana mwezi huo huo baba yake mkubwa, kaka wa Mzee Chenge, alianguka kwa kiharusi akiwa anaswaga ng'ombe. Hajasema neno lililonyooka mpaka leo. Modesta alimtazama mzee yule amelala upande mmoja, kisha akamtazama baba yake anakunywa glasi ya saumu na kufuta midomo kwa fahari.

"Nikasema, Mungu wangu, haya maji yangu yataniulia baba."

*

Aliyemfungua macho ni jirani yake wa biashara, Dorcas, mfamasia wa duka la dawa lililo hatua chache kutoka kwenye meza yake. Wawili hawa wanataniana kutwa. Dorcas humwita Modesta "Mganga Mkuu". Modesta humwita Dorcas "Mama Panadol". Ukiwasikia bila kuwajua utadhani wanagombana.

"Nilimwambia ukweli," anasema Dorcas. "Saumu ni chakula kizuri. Kwa baadhi ya watu inashusha lehemu, ila inashusha kidogo. Vidonge vinakwenda kwenye ini, ambako mafuta hayo yanatengenezwa, vinapunguza utengenezaji wenyewe. Mtu ambaye lehemu yake imepanda kama ya mzee, saumu peke yake haimtoshi."

Vilevile alimweleza jambo ambalo Modesta hakulitegemea kwa mwenye duka la dawa: kwamba vidonge navyo vina mambo yake. Wapo wanaoumwa misuli, wapo wanaotakiwa kupimwa ini, na hakuna anayetakiwa kujinunulia bila daktari. Na saumu nyingi si mchezo kwa mtu anayetumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi.

Modesta akarudi nyumbani akamweleza baba yake yote hayo. Akabembeleza. Akalia. Akanuna siku mbili bila kumpigia magoti kumwamkia. Mzee hakutikisika.

"Huyo Dorcas anakuonea wivu," alimwambia. "Ameona wateja wako."

Ndipo Modesta akakumbuka baba yake ni mtu wa namna gani. Akamwendea jioni akamwambia, "Baba, shikamoo. Nimekubali. Dawa yangu ni kali. Basi tuishindanishe."

Mzee alinyanyuka kwenye kiti. "Na nani?"

"Na vidonge."

"Mwanangu," Mzee Chenge akasema, na macho yakamng'aa kama taa ya karabai, "kumbe umezaliwa na mimi!"

Nestory fundi baiskeli alikuwa ametoka kuambiwa hospitali kwamba naye lehemu imepanda karibu sawa na ya mzee. Alikuwa anaanza vidonge. Akakubali kuwa mpinzani. Masharti yakawekwa mbele ya watu: wapimwe maabara moja, wote wapunguze vya kukaanga, wote watembee kwa miguu, warudi kupimwa baada ya miezi mitatu. Vidonge vikishinda, Mzee Chenge anavimeza bila neno.

Modesta alikwenda mwenyewe kwa daktari wa baba yake kumweleza. Daktari hakufurahi. Alitaka mzee aanze dawa siku ile ile. "Nikamwambia, daktari, hata leo vidonge hanywi. Akasema basi mlete akipimwa, na kifua kikimbana tena msisubiri mashindano, mlete mbio."

Soko likagawanyika. Wakajiita Wasaumu na Wavidonge. Wasaumu wakipita kwa Nestory wanamwambia, "Fundi, umemeza chokaa yako leo?" Wavidonge wakimwona Mzee Chenge wanasogea pembeni na kujipepea. Majuma ya mwanzo Nestory alilalamika mapaja yanauma, Wasaumu wakashangilia kama wamefunga goli. Alirudi kwa daktari, akapunguziwa kipimo, maumivu yakaisha. Wavidonge nao wakashangilia.

Modesta alicheka na wote. Usiku alikuwa anasikiliza kama baba yake anapumua vizuri chumba cha pili.

*

"Wanakuja!"

Ni sauti ya muuza nyanya. Mchi unaanguka kinuni.

Wanakuja kwa miguu kutoka upande wa stendi. Nestory mbele, anatembea haraka na kofia mkononi. Mzee Chenge nyuma, amevaa koti lake la sherehe, hana haraka. Huwezi kusoma kitu usoni kwake. Watu wanawapokea kwa vigelegele kabla hawajajua wanampigia nani.

Kwa joto lile, kila mtu ana glasi mkononi. Tangu asubuhi Modesta hajapumzika kuuza. Wasaumu wanakunywa, Wavidonge nao wanakunywa. Nestory mwenyewe anafika, anapewa yake, anaimaliza kwa pumzi moja.

"Shikamoo Mzee Chenge," anasema Dorcas.

"Marahaba, Mama Panadol." Anamkabidhi karatasi zote mbili za maabara. "Soma. Usipunguze wala usiongeze."

Dorcas anapanda juu ya kreti la soda.

"Nestory alianza na saba. Inatakiwa isivuke tano. Leo ana nne nukta tatu!"

Wavidonge wanarusha kofia. Mtu anapiga debe. Nestory anabebwa juu juu, anapiga kelele wamshushe, mgongo unamuuma.

"Mzee Chenge alianza na saba nukta mbili. Leo..." Dorcas anamtazama Modesta. "Leo ana sita nukta saba."

Imeshuka, ndiyo. Lakini imeshuka kidogo, na kwa hicho kidogo Dorcas anasema huwezi kujua ni saumu au ni yale mapanki aliyoyaacha na matembezi ya jioni. Mzee bado yuko kwenye hatari ile ile.

Modesta anafumba macho. Midomo yake inacheza. Ukiwa karibu unamsikia anasema, "Asante Yesu."

"Subirini!"

Ni Mzee Chenge. Amenyoosha mkono juu kama enzi zake.

"Nani kasema nimeshindwa?"

"Karatasi, Mzee!" wanajibu Wavidonge.

"Karatasi inacheza ngoma? Mimi nimeshindana uwanjani miaka na miaka, sijaona mshindi wa karatasi. Wagika na Wagalu wakicheza, mshindi anajulikanaje?"

Wazee wawili watatu waliosimama pale wanaanza kutabasamu. Wanajua anakokwenda.

"Anajulikana kwa watu!" anasema mzee mmoja.

"Kwa watu! Ngoma mbili zinalia uwanja mmoja, watu wanakwenda wanakopenda. Uliyebaki na watu umeshinda, uliyekimbiwa umeshindwa, nenda nyumbani. Sasa niambieni." Mzee Chenge anageuka taratibu, anaonyesha kwa kidole. "Kwa Dorcas yuko nani?"

Watu wote wanageuka. Mbele ya duka la dawa amesimama mbuzi mmoja, anatafuna boksi.

"Na kwa mwanangu?"

Wanajitazama. Wote wako kwenye meza ya Modesta. Wote, Wasaumu na Wavidonge, wameshika glasi. Nestory mshindi anaificha yake mgongoni.

Soko linalipuka. Watu wanacheka mpaka wanashikana mabega. "Mzee kashinda!" "Nestory kahama kambi!" "Mbuzi naye apimwe!" Na katikati ya kelele hizo mikono inaanza kunyooshwa mezani. "Mama Precious, nipe chupa mbili!" "Mimi ya lita!" "Niwekee ya mama yangu, ana mafuta!"

Haijawahi kutokea siku kama hii mezani kwa Modesta. Noti zinapepea mbele ya uso wake.

Naye amesimama tu, amekauka. Baba yake yuko upande wa pili wa meza, kifua mbele, anacheka kwa furaha ya kumshindia mwanawe. Huyu hatavimeza vidonge vile. Leo wala kesho.

"Nilimtazama baba nikaona amelala upande mmoja kama baba mkubwa," atasema baadaye. "Palepale, na huku anacheka."

*

Modesta anafunga kanga yake kiunoni. Anafunika ndoo, anaomba asaidiwe kutwika. Anaitwika, anaondoka.

"Unakwenda wapi? Chenji yangu!" analia mteja.

Hajibu. Anapita katikati ya watu, maji yanachezacheza kichwani, anakwenda moja kwa moja mpaka mbele ya duka la dawa. Anamfukuza mbuzi. Anatua ndoo pale mlangoni, anamwita Dorcas asimame kando yake, anageuka.

"Anayetaka kinywaji kiko huku," anasema kwa sauti. "Lakini ni kinywaji. Si dawa ya mafuta. Mwenye mama mwenye mafuta ampeleke akapimwe, daktari ndiye atamwambia. Nikiwauzia kama dawa, nawadanganya."

Mwenye chenji yake anakuwa wa kwanza kuvuka. Halafu muuza nyanya. Halafu Nestory, anachechemea kwa kuharakisha. Halafu kundi zima linahama, linabeba glasi zake, linapiga debe, mpaka mbele ya duka la Dorcas hakuna pa kuweka mguu.

Kwenye meza amebaki Mzee Chenge na kinu.

"Baba," anaita Modesta. "Hesabu watu wako."

Mzee anaangalia kushoto. Anaangalia kulia.

"Umenihama, mwanangu?"

"Sijakuhama, baba. Nimetangulia, nakungojea huku."

Hakuna anayecheka sasa. Mzee Chenge anashusha mkono. Anajikuna kidevu. Kisha mabega yake yanaanza kutikisika, na watu wanadhani analia, kumbe ni kicheko kinachotoka mbali.

"Nyie!" anasema. "Wamenichukulia mpaka mpiga ngoma wangu! Mtu mpiga ngoma wake akivuka, atacheza na nini? Hapo hakuna ubishi. Nimeshindwa uwanjani, mbele ya watu."

Anavuka. Anavuka kwa madaha, hatua ndefu, koti limefungwa vifungo vyote, kama kiongozi anayekwenda kumpa mkono mwenzake baada ya ngoma. Watu wanampisha njia na kumpigia makofi kuliko walivyompigia Nestory.

Mlangoni anatoa karatasi kutoka ndani ya kofia yake. Ni cheti cha daktari cha leo asubuhi.

"Alinipa. Nikasema sitakitoa mpaka nishindwe kihalali."

"Mzee wewe!" anasema Dorcas. Anakisoma, anaingia ndani, anarudi na pakiti na glasi ya maji. Anamweleza polepole: kimoja kila siku, asikiache hata akijisikia mzima, misuli ikiuma arudi hospitali, asijiamulie mwenyewe.

"Naruhusiwa kusukumia na saumu ya mwanangu?"

"Maji matupu, Mzee. Saumu ibaki kwenye mchuzi."

Mzee Chenge anakiweka kidonge ulimini, anainua glasi juu watu waione, anakunywa. Kisha anafungua mdomo wazi, aah, kama mtoto wa chanjo, anawaonyesha wote kwamba kimekwenda.

Vigelegele vinavyopigwa hapo vinawatoa watu stendi kuja kuuliza nani anaoa.

*

Ndoo inakauka kabla ya adhuhuri. Modesta anakaa kwenye kreti la soda, miguu imenyooka mbele, amelowa jasho, anacheka peke yake.

Hajui kesho wateja watakuwa wangapi. Wapo watakaokwenda kwa mtu mwingine atakayewaambia inaponya. "Waende," anasema. "Wanaokunywa kwa sababu ni tamu watabaki. Na ni tamu, usiniangalie hivyo, onja."

Ameshazungumza na fundi wa vibao. Anataka kibao kipya kiandikwe kinywaji cha saumu na tangawizi, na chini yake kwa herufi kubwa kuliko zote: pima kwanza, usiache dawa za daktari. Yeye na Dorcas wanaomba kituo cha afya kiwaletee wapimaji hapa sokoni Jumamosi moja kila mwezi. Kazi ya Modesta itakuwa kuwaita watu, na hiyo, anasema, hahitaji kusomea.

Mzee Chenge naye hajakaa. Amezungukwa na wazee wenzake na ameshaanza kuwachokoza kina babu wa mtaa wa Kiseke kwa simu, anawaambia waje wapimwe kama wao ni wanaume. Miezi mitatu ijayo atarudi maabara. Safari hii yuko upande wa vidonge, na anatamba kana kwamba ndiye aliyevigundua.

"Modesta!" anaita kutoka kwenye kundi. "Mama we! Njoo uwaambie hawa nilivyokimeza!"

"Waliona, baba!"

"Huyu hakuona! Njoo!"

Modesta anainuka, anakung'uta kanga.

"Unamsikia? Atanisumbua hivi hivi miaka yote," anasema, na macho yanamjaa huku anacheka. "Ndiyo ninachotaka. Baba yangu azeeke mpaka anichoshe."